Vunja Jungu Kisiwani Fisimaji

Dada yangu Mwanamvua haruhusu mtu wa nyumba yake kupanda boti bila kuomba radhi. Hata kama unavuka ghuba kwenda kumjulia hali mgonjwa, lazima upite kwa jirani wote, kushoto na kulia, useme, "Naenda majini, kama nimekukosea niwie radhi." Na aliyeambiwa lazima ajibu kwa mdomo wake: "Nimekuwia radhi." Hakuna kutikisa kichwa, hakuna "usijali wewe nenda." Ajibu. Watu wa mtaa wake, Katubuka, walikuwa wanamcheka, lakini walijibu, maana usipojibu Mwanamvua haondoki mlangoni pako, na ubishi wake naujua mimi niliyelala naye mkeka mmoja.

Hilo alilitoa kwa mama yetu. Baba, Mzee Haruna, alikuwa mtu wa Ujiji anayepeleka chumvi Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Asubuhi moja waligombana na mama kwa sababu ya kanzu, eti imepigwa pasi vibaya. Baba akatoka amenuna, akafika mlangoni akageuka: "Haya mama watoto, tusameheane." Mama akampa mgongo. Basi. Boti ile haikufika Kalemie wala haikurudi Ujiji, na maiti hatukuizika. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, anapika, anacheka, anatuchapa, halafu katikati ya shughuli anasimama na mwiko mkononi na kusema, "Sikumjibu." Tulikuwa watoto, tukawa wakubwa, dada akaolewa, bado anasema. Sasa mtu aliyekulia kwenye jiko la namna hiyo utamcheka?

Mimi naitwa Asia, ndiye mdogo wake. Sina mume na sina subira, na vyote viwili sivitafuti. Mwanamvua ndiye mpole. Aliolewa Katubuka na Ramadhani, fundi wa mashine za boti pale Kibirizi, mtu mzuri ila mikono yake inanuka petroli mpaka siku ya Idd. Wana Musa na Nasra. Na wana Rozalia.

Rozalia tulimkuta mwaka tisini na tatu, mwishoni, Burundi ilipowaka moto. Boti zilikuwa zinaingia Kibirizi zimejaa watu mpaka maji yanachungulia ndani. Mimi na Mwanamvua tulikwenda kununua dagaa, tukakuta hakuna anayeuza dagaa, kila mtu amesimama anatazama watu. Katikati yao kuna msichana wa miaka kumi na moja hivi, ameshika mfuniko wa sufuria. Sufuria hana, ana mfuniko tu, ameukumbatia kifuani. Mwanamvua akamwuliza, "Mama yako yuko wapi?" Mtoto akaonyesha ziwa kwa kidevu. Hakulia. Dada yangu akamshika mkono, akamleta nyumbani bila kumwuliza mumewe, na Ramadhani aliporudi akakuta vichwa vitatu kwenye sinia badala ya viwili. Akaosha mikono, akakaa, akala.

Jina hakumbadilisha. Watu wetu wa Ujiji walimsema: mtoto yuko nyumba ya Kiislamu, bado Rozalia? Mwanamvua akasema jina alipewa na mama yake, yeye hawezi kumpokonya kitu cha mwisho. Jumapili alimkabidhi kwa jirani, Agnesi, waende kanisani pamoja. Mfuniko ule ukaingia jikoni ukapata sufuria yake, na kwa miaka minne wali wa nyumba ile ulifunikwa na mfuniko wa Burundi. Na mtoto akawa wao. Nawaambia mimi niliyekuwa naingia na kutoka: akawa wao kabisa, mpaka anagombana na Nasra kwa ajili ya kitana na kuchapwa wote wawili.

Halafu likaja lile gari la matangazo.

Ilikuwa tisini na saba, shule zimefunga, mwezi wa Shaaban umeshaanza. Gari linapita polepole, kipaza sauti juu, linasema wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi wajikusanye uwanjani, watachukuliwa kwa magari. Anayekuja mwenyewe atabeba vyombo vyake. Atakayekutwa amefichwa, aliyemficha atajibu mbele ya sheria. Lilipita asubuhi, likapita jioni, kesho yake likapita tena. Watoto wadogo walikuwa wanalikimbilia kwa furaha kama gari la sinema.

Mtaa ukaanza kupungua. Hakuna aliyepiga kelele, hilo ndilo lililonitisha. Unaamka unakuta mlango umefungwa kwa kamba. Anatoli, kinyozi wetu, Mrundi aliyemnyoa Musa tangu mdogo, siku moja kiti chake kilikuwa nje na yeye hayupo. Kioo chake kilibaki kimetundikwa ukutani. Kila nikipita pale najiona usoni, nikawa nazunguka njia nyingine.

Mzee Polycarp, mjumbe wetu, akaja kwa Mwanamvua. Huyu ni mstaafu, mtu wa Bukoba, mstaarabu, hata kikohozi chake kinaomba ruhusa. Akakaa barazani, akauliza, "Mama Musa, nyumba hii wanalala wangapi?"

"Watano."

Rozalia alikuwa anapita na ndoo. Mzee akamfuata kwa macho. "Na huyu?"

"Ni wangu. Nimeshakwambia watano."

Mzee Polycarp akasema, "Kwangu mimi ni watano. Lakini wanaokuja nyuma yangu hawanijui mimi wala hawakujui wewe." Akainuka, chai hakunywa. Nilikitazama kile kikombe mpaka kikapoa.

Ndipo Ramadhani alipoleta mpango wake. Alituita chumbani, mimi na mkewe, akafunga mlango. Akasema mbalamwezi inakaribia. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawavutwi na taa, wavuvi wanavuta boti ufukweni na kwenda kwa wake zao, kwa hiyo boti atapata, tajiri mmoja atamwazima. Na Kisiwa cha Fisimaji, kile kidogo cha kusini ambako wavuvi wana vibanda vyao, kitakuwa kitupu. "Tunawapeleka watoto likizo," akasema. "Tunakaa mpaka magari yamalize kazi yake. Tukiulizwa, tumekwenda kuvunja jungu."

Nikamwambia, "Shemeji, umechanganyikiwa? Vunja jungu mwezi umejaa? Watu wanakula vunja jungu mfungo ukiwa mlangoni, wewe unavunja katikati ya Shaaban. Kila mwanamke wa Kigoma atauliza mna njaa gani."

"Basi waulize," akasema. "Mwisho wa mwezi kutakuwa giza, boti zote ziko kazini, kisiwa kimejaa wavuvi. Na magari hayawezi kusubiri jungu lako, shemeji."

Mwanamvua alikuwa amekaa kitandani anakunja na kukunjua pindo la kanga. Akauliza neno moja tu: "Watoto tutawaambiaje?"

"Likizo. Basi."

Na watoto, jamani, watoto walivyolipokea! Musa, miaka kumi na saba, ndevu tatu kidevuni, aliruka mpaka akagonga kichwa mlangoni. "Bomba kinoma! Likizo kisiwani kama wazungu!" Jioni ile mtaa mzima wa vijana ulishajua kwamba Musa anakwenda kisiwani. Baba yake alitaka kumziba mdomo, nikamwambia mwache, kelele zake ndizo zitakazofanya watu wakuamini. Nasra yeye alikunja uso. Kuna choo? Hakuna. Kuna umeme? Hakuna. Kuna watu? Hakuna. "Sasa tunaenda kufanya nini, kuhesabiana vidole?" Huyo Nasra ana mdomo, wanasema amenirithi mimi, na mimi sikatai. Alitaka kubeba viatu vyake vya kisigino. Vya nini, mtoto, kisiwa ni mawe matupu? "Vya picha," akasema. Kamera yenyewe hakuna.

Walibishana wiki nzima. Musa anataka redio kaseti, baba anasema itaingia maji. Nasra anataka kulala peke yake, hataki kulala na Rozalia, eti Rozalia anakoroma. Rozalia anasema anayekoroma ni Nasra na ushahidi ni ukuta. Nilikuwa nacheka, na katikati ya ule ubishi tunalisikia lile gari linapita barabara ya juu, na kila likipita, Mwanamvua anapandisha sauti kuuliza nani atabeba kisu, nani atabeba kiberiti, ili watoto wasisikie maneno.

Rozalia ndiye aliyefurahi kuliko wote, mwanzoni. Alipanga chakula: siku ya kwanza pilau, ya pili samaki, migebuka ya kuchoma kwa pilipili, ya tatu muhogo na isombe, kisamvu cha kwao, atakayoipika yeye kwa mawese. Akauliza kuku atawalisha nani. Agnesi atawalisha. Aliimba akifagia. Halafu siku mbili kabla ya safari akaacha kuimba. Nilidhani ni tumbo la kike. Nikamkuta anamfundisha Nasra kutwanga majani ya muhogo, anamshika mikono, "Usiyaponde sana, ukiyaponda sana mama hali." Nasra anasema si utapika wewe. Rozalia akasema, "Jifunze tu."

Siku ileile alinifuata nikiwa nafua. "Mama mdogo, lile beseni lako nililolipasua mwaka jana. Niwie radhi."

Nikamwambia, "Nimekuwia radhi, ila beseni utanilipa ukiolewa." Akacheka, akanisaidia kukamua shuka.

Sasa kulikuwa na jambo la radhi lenyewe. Mwanamvua alishajifunga kanga ya pili aanze kuzunguka kwa jirani, kama kawaida yake. Ramadhani akamzuia mlangoni. "Safari hii hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kuomba radhi. Mtu anakwenda pikiniki, anazunguka mtaa mzima anaomba radhi kama anakwenda Maka? Watajua tunakimbia. Fikiria, mama Musa. Fikiria huyo mtoto."

Nilimwona dada yangu anavyohangaika. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa Agnesi, akanyanyua mkono kubisha, akaushusha, akarudi. Akaja kukaa karibu yangu. "Asia, sijawahi."

"Najua."

"Naogopa."

"Hata mimi naogopa, lakini mumeo ana haki," nikasema, na kweli nilimwona ana haki. Mtoto alikuwa anatoka kwenye mikono yetu, ungefanyaje? Akashika tama. Akasema, "Basi kwa ajili yake." Ikapita hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu azikwe mama yetu, nyumba ile ikajiandaa kwenda majini kimya kimya.

Jioni ya mwisho tulikaa uani. Mvua ilikuwa inazunguka upande wa Kongo, radi bila sauti. Mimi nachambua mchele, Mwanamvua anamsuka Rozalia, yule mtoto amekaa chini katikati ya magoti yake. Alitaka msuko wa twende kilioni. Mwanamvua akasema, mtindo gani huo wa kwenda nao likizo, suka hata mabutu. Rozalia akasema huo ndio unaokaa siku nyingi. Basi akasukwa.

Walipofika nyuma ya sikio, Rozalia akasema, polepole, bila kugeuka, "Mama, kama nimekukosea, niwie radhi."

Mwanamvua akashtuka, akatazama mlangoni kama Ramadhani yuko karibu. Akamgonga kidogo na kitana. "Nyamaza we! Baba yako akisikia? Si tumesema safari hii hatuombi? Umenikosea nini wewe, toto zima hili! Inamisha kichwa nimalize, giza linaingia."

Rozalia akainamisha kichwa. Akasukwa mpaka mwisho. Nilimsikia anasema "Ahsante mama," akainuka akakung'uta nywele kwenye sketi, akaenda kuchochea moto.

Asubuhi tukapakia. Mwanamvua anahangaika jikoni: "Mfuniko wa sufuria uko wapi?" Rozalia akajibu kutoka nje, "Nimeshaufunga na vyombo, mama." Mfuko wake ulikuwa mkubwa. Nasra akamcheka, eti unahamia huko? Rozalia akasema, "Na wewe mwenye viatu vya picha?" Wakacheka wote wawili, nasi tukacheka, tukapanda gari la dagaa la kijana mmoja anaitwa Nickson, huyo anapita Kibirizi kila siku kuchukua mzigo wa Kasulu.

Kibirizi ilikuwa imelala. Boti zimevutwa juu, nyavu zimeanikwa, karabai zimetundikwa zimezimwa. Boti yetu peke yake ndiyo iliyokuwa majini, na mtu huwezi kujificha ukiwa peke yako. Wanawake wawili watatu waliokuwa wanageuza dagaa kwenye mchanga walituangalia. Mmoja akapaza sauti, "Mama Musa, jungu mapema hivyo?" Nikamjibu mimi, "Kwani jungu lako? Kama ni lako njoo ulioshe!" Wakacheka, lakini waliendelea kutuangalia. Maji yalikuwa na rangi ya majivu. Ramadhani alikuwa anavuta kamba ya mashine, inakohoa, inazima, anavuta tena.

Musa kapanda. Nasra kapanda, analalamika mbao zimelowa. Mimi sikuwa nasafiri, nilikuwa nawasindikiza tu, nashikilia kapu. Rozalia akasimama mchangani na mfuko wake mgongoni. "Mama, tumesahau chumvi."

"Aa! Chumvi tena?"

"Nakimbia hapo juu sokoni mara moja."

"Acha mfuko basi."

"Hauna uzito, mama." Akamwangalia. Nilikuwa kando yao, niliona alivyomwangalia, nikadhani ni woga wa maji. Alikuja kwa maji yule mtoto, na mama yake aliishia humo, ni nani asingeogopa? Akapanda njia ya sokoni, hakimbii, anatembea.

Mashine ikawaka. Tukasubiri. Ramadhani akaizima kuokoa mafuta. Tukasubiri. Nasra akasema huyo chumvi anaichimba Uvinza au? Mwanamvua alikuwa ameshapanda, ameanza kusimama na kukaa, kusimama na kukaa. Mimi nikachoka kushika kapu, nikaliweka chini kwenye mawe, likapinduka, vitu vikamwagika. Vitunguu. Viazi. Na chumvi. Pakiti nzima, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na fundo la Rozalia, lile fundo lake la mara mbili.

Nikaiokota. Nikamwonyesha dada yangu. Akashuka kwenye boti na nguo zake, maji mpaka kiunoni, akaenda moja kwa moja kwenye furushi la vyombo lililobaki mchangani, akalifungua kwa meno. Sufuria ilikuwapo. Mfuniko haukuwapo.

Wakati huohuo Agnesi alikuwa anateremka na beseni lake kununua dagaa. Alishangaa kutuona. "Kumbe bado hamjaenda? Mbona huyo mtoto nimepishana naye barabarani anaelekea mjini?" Akaendelea, maskini, anatabasamu: "Nami nikamsifu kweli. Jana kapita nyumba zote za mtaa, mpaka kwa Mzee Polycarp, anaomba radhi. Nikasema mfungo wao unakaribia, huyu mtoto wa kanisani amekuwa Mswahili kuliko Waswahili. Si ni wewe uliyemtuma, mama Musa?"

Musa akaanza kulia ndani ya boti. Mwanaume mzima, ndevu tatu, analia kwa sauti. "Nilimwambia mimi. Niliwasikia juzi mnaongea chumbani. Nilimwambia tunakwenda kumficha, nikamwambia asiogope, hata baba akifungwa, yeye hatutamtoa. Nilitaka ajue tunampenda, mama!"

Yarabi. Hata kumpiga sikuweza. Mtoto amesikia baba atafungwa kwa ajili yake, amekaa siku mbili anafundisha mwenzake kupika isombe.

Ramadhani aliiacha boti ya watu inaelea, hakuifunga. Watoto tukamwachia Agnesi, tukakimbilia gari la Nickson, tukashushwa uwanjani. Geti limefungwa, askari wamesimama, magari yanaunguruma ndani. Mwanamvua, mpole yule, akawasukuma watu mpaka mbele.

"Mtoto wangu yuko humo."

Askari alikuwa kijana, hakuwa mkali. "Mama, wewe ni mkimbizi?"

"Mimi mtu wa Ujiji."

"Sasa mtoto wako atakuwaje mkimbizi na wewe ni mtu wa Ujiji?"

Ramadhani akaanza kuzungumza, kubembeleza, kumtaja Mzee Polycarp. Askari akasema hapa haingii mtu, magari yanatokea upande wa pili, yanashika njia ya Kasulu kwenda kambini sasa hivi. Ramadhani akabaki pale anang'ang'ania geti. Mimi nikamshika dada yangu mkono. Nickson akatuita, akasema Kidahwe barabara imeharibika kwa mvua, pale magari yote lazima yatambae, akiwahi mbele yao tutayaona yote.

Hakulia njia nzima. Alikaa katikati yangu na Nickson, kanga imelowa maji ya ziwa, harufu ya dagaa nyuma yetu, anatazama mbele. Tulipopita mashamba ya michikichi mvua ikaanza, nzito. Ndipo akasema, kwa sauti ambayo si yake. Ilikuwa sauti ya mama yetu na mwiko mkononi.

"Asia. Sikumjibu."

Nilitaka kumwambia hapana, ulimjibu, ulisema hakukukosea. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nachambua mchele. Nilisikia.

Kidahwe tukashuka, tukasimama pembeni ya tope. Magari yakaja. Yalikuwa mengi, yanafuatana, maturubai yameshushwa mpaka chini kwa sababu ya mvua, huoni mtu, unasikia watoto wachanga tu ndani wanalia. La kwanza lilipofika kwenye shimo likapunguza mwendo, likatambaa. Mwanamvua akaweka mikono mdomoni.

"Rozalia! Nimekuwia radhi!"

Turubai halikufunguka. La pili likaja. "Rozalia! Nimekuwia radhi, mwanangu!" La tatu. Sauti ikaanza kukatika, mimi nikaingilia, tukawa tunaita wawili, watu wa kijiji wametoka kwenye vibaraza wanatushangaa wanawake wawili wanaoyaombea magari. Dereva mmoja akapiga honi tutoke njiani. Maji ya tope yakatupiga mpaka usoni. Kila gari alilijibu peke yake, hakuruka hata moja, kila moja analisubiri lifike palepale kwenye shimo ndipo aseme, maana hakujua mtoto yuko lipi.

Nikamvuta, nikamwambia dada basi, watu wameisha, hayo ya nyuma ni mizigo. Akanisukuma. Akasema maneno yaleyale kwa magari yote yaliyobaki, hata la mwisho kabisa lililokuwa limebeba magodoro tu.